Bolti ya Juu ya Stata

8 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Sisi hapa tu wazima. Mama anakusalimu. Amekaa hapa hapa gereji kwenye kigoda chake, na kila nikiandika mstari ananiuliza nimeandika nini. Nimemwambia nimeandika kwamba anakusalimu. Kasema niongeze "sana." Haya, anakusalimu sana.

Habari za nyumbani ni zile zile ulizoziacha, ila zimeongezeka umri. Bati la upande wa jikoni nimelibadilisha. Yule paka aliyekuwa akilala kwenye kofia ya marehemu baba amezaa, na sasa kofia ina wapangaji wanne. Jirani yetu fundi viatu bado anasema mwaka huu ataoa, na bado hajasema ataoa nani. Kazi inakwenda. Wateja wageni wakifika wananiuliza fundi yuko wapi, nami nawaambia katoka kidogo, wasubiri, kisha naingia chini ya gari lao.

Habari yenyewe ni macho ya mama. Mtoto wa jicho amelifunga jicho la kulia kabisa, na la kushoto haliko nyuma. Hospitali ya macho wametupa siku ya kumpasua, 21 Oktoba. Daktari kasema akishapasuliwa asiiname, asitikiswe, na asipige chafya. Mama kamuuliza chafya inazuiwaje, na daktari akawa anatafuta kalamu yake.

Sasa nani atampeleka na kumrudisha? Ni pikapu ya baba. Injini haina neno, inanguruma vizuri kuliko mimi, lakini stata imekufa. Bila stata, kila safari lazima gari lisukumwe ndipo liwake. Mtaa mzima umenichoka. Asubuhi wakiniona nimeshika funguo wanaingia ndani na kufunga milango kama wamemwona mdai. Hebu fikiria nimempakia mama ametoka kupasuliwa jicho, bandeji usoni, halafu wanaume sita wanalisukuma gari kwa kelele na kulitingisha. Haiwezekani.

Stata unaijua. Bolti ya chini inatoka hata kwa kuibembeleza. Ya juu ndiyo imejificha nyuma kabisa, kati ya injini na ukuta wa gari, na bomba la moshi limeilalia. Spana ya kawaida inafika kichwani pake na kuteleza. Wewe uko kwenye gereji kubwa, huko mna vifaa ambavyo sisi hatujavisikia. Nitafutie kitu cha kufika kwenye bolti ile. Vifaa vya baba vyote viko ukutani mahali pake, kasoro kimoja.

Mama anasema usisahau kula.

Ni mimi dada yako,
Nati


17 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama uipokee kwa mkono wa kulia umpelekee. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, na leo nimeisoma nikiwa nakula, kwa hiyo mwambie mama nakula. Usinicheke mwandiko. Naandikia gotini.

Chumba changu ni kile kile. Dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha mikate, na alfajiri harufu inaingia bila kubisha hodi. Hapo ndipo nawakumbuka zaidi, sijui kwa nini, maana nyumbani hatukuwa tunaoka mikate. Nikiamka nasikiliza kama kuna mtu anagonga chuma. Hapana mtu. Hapa watu wanaanza kugonga saa mbili kamili, kwa kengele.

Nimecheka habari ya wateja wanaokuuliza fundi yuko wapi. Baba alijua alichofanya alipotupa majina. Mimi aliniita Bisibisi kwa wembamba, wewe akakuita Nati kwa sababu u mfupi, u mviringo, na ukishashika jambo hakuna wa kukung'oa. Nawaonea huruma hao wateja.

Kuhusu vifaa ni kweli, hapa vipo vya kila aina. Vina chumba chao, chumba kina dirisha dogo, na nyuma ya dirisha kuna mtu. Ukitaka spana unagonga, unamtajia, anakupa, jioni unamrudishia. Nimekutafutia soketi ya kumi na nne yenye shingo inayopinda na mpini mrefu. Wenzangu wanaitumia kwenye malori, pale ambapo hata panya hapiti. Imo ndani ya mzigo. Ishike kwa chini, uisukume taratibu mpaka isikie bolti, ndipo uzungushe.

Boneti ya pikapu bado inashikiliwa kwa mpini wa ufagio? Nijibu hilo.

Macho ya mama yananinyima raha. Mwambie 21 Oktoba nitakuwa naye, kwa moyo.

Mdogo wako,
Bisibisi


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na mama naye marahaba. Ufagio ni ule ule. Mwezi jana nilinunua mpya wa kufagilia, nikajikuta nimeutoa mpini nikauweka kwenye boneti, na ule wa zamani nikarudi kufagia nao. Nimeurudisha kila mmoja kwenye kazi yake.

Mzigo umefika. Mama aliushika kwanza. Siku hizi kila kitu anakishika kabla hajaambiwa ni nini, na mara nyingi anapatia. Alipapasa karatasi, akafuata kamba mpaka kwenye fundo, akakaa nalo kitambo. Akasema, "Hili si fundo la mwanangu." Unalijua analolisema, lile la baba la kufungia mizigo ya pikapu, unavuta ncha moja linafunguka lote. Hili la kwako ilibidi nilikate kwa kisu. Nikamwambia labda umefungiwa posta. Akasema, "Haya."

Soketi yako nimeijaribu kwa siku nyingi kuliko ilivyostahili. Shingo yake inapinda kila mahali isipokuwa pale ninapotaka. Imenikumbusha wewe ulivyokuwa ukitumwa dukani, ukipita kila nyumba isipokuwa dukani. Ikifika kwenye bolti inalala upande, nikizungusha mpini unazunguka, shingo inazunguka, na bolti imetulia inatutazama. Fundi viatu alikuja kushauri. Nilimpa taa ashike, akawa anamulika kofia ya baba na watoto wa paka.

Halafu nikajaribu langu. Ukuta unaukumbuka. Baba alipaka mbao rangi nyeupe, akatundika vifaa vyote, kisha akakizungushia kila kimoja mchoro wa rangi nyekundu, ili jioni mtu akiangalia ajue kilichobaki nje. Mchoro mmoja uko mtupu tangu ulipoondoka, mwaka wa nne huu. Ni ile spana ya kumi na nne aliyoipinda mwenyewe kwa ajili ya bolti hii hii. Nikachukua nyingine kama ile, nikaipasha kwenye jiko la mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaipinda kufuata mchoro. Ukutani ililala sawasawa kabisa, nikafurahi, nikamwita mama aje aipapase. Kwenye injini ikagonga bomba la moshi. Kumbe baba aliipinda mara mbili, mara moja kwa ubavu na mara nyingine kuja mbele, na mchoro wa ukutani hauwezi kukuonyesha kuja mbele.

Sikuulizi spana ile iko wapi. Nakueleza tu kwamba mchoro wake upo.

Mwandiko wako siku hizi unalala upande wa kushoto kama mtu mlevi. Nunua meza.

Dada yako,
Nati


28 Mei

Dada Nati,

Shikamoo. Shikamoo mama. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, mkiniona mtaniita nyundo. Meza nimeipata, imetupwa na mpangaji aliyehama, ina miguu mitatu na nusu.

Usinichoke, nimekutumia kingine. Ni spana fupi, nimeomba ikatwe mpini na kunolewa pembeni iwe nyembamba. Nimeipima kwa kukumbuka nafasi iliyopo kati ya bomba na ukuta wa gari. Nilifumba macho nikauingiza mkono hewani, hapa chumbani, kama mwendawazimu. Nadhani nimepatia. Naijua nafasi ile kuliko ninavyoujua mtaa ninaokaa.

Unakumbuka siku baba alipoipinda ile spana? Mimi naikumbuka yote. Alinilaza juu ya madigadi, nikauzamisha mkono mpaka nikaishika bolti kwa vidole, akasema, "Hapo hapo, usitoe." Akaleta waya mlaini, akaulaza kando ya mkono wangu kutoka kwenye vidole, ukafuata kiganja, ukapinda kwenye kifundo, ukapanda mpaka karibu na kiwiko. Akauchomoa polepole usibadilike umbo, akaenda nao jikoni kwenye moto, akawa anapinda chuma kufuata waya. Mimi akanisahau pale pale. Wewe ulikuwa chini ya gari, badala ya kuniokoa ukazifunga kamba za viatu vyangu pamoja. Mama ndiye aliyepita akauliza mbona huyu mtoto amelala kwenye gari kama nguo iliyoanikwa.

Tangu siku ile bolti ya juu ikawa yangu. Baba hakuigusa tena. Likija gari la namna ile alikuwa ananiita tu, "Bisibisi, mlango wako huo."

Hapa mvua imeanza. Ukuta wa kiwanda cha mikate umelowa mpaka juu. Nawakumbuka mpaka nasikia njaa.

Mdogo wako,
Bisibisi


25 Juni

Bisibisi,

Mama anakusalimu. Mimi leo sikusalimii kwa sababu nimekasirika, na nimeona nikuambie mapema usije ukafikiri nimesahau.

Spana yako fupi ilifika kwenye bolti. Nikashangilia. Nikaivuta, ikateleza, ikala kona moja ya kichwa cha bolti. Kichwa kilikuwa na kona sita, sasa zimebaki tano. Zikiisha hizo, hakuna spana ya duniani itakayoishika, ya baba wala ya nani. Nimeiweka chini nikaosha mikono. Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka walikuwa wanakusema wewe, na mimi nimechoka kupokea fimbo.

Fundo la mzigo lilikuwa lile lile la mtu mwingine. Mama alilishika, akanirudishia mzigo. Alisema jioni, wakati wa kula, kama mtu anayeomba chumvi. Alisema hataki kwenda hospitali. Nikamuuliza kwa nini. "Bandeji ikifunguliwa nataka niwe namtazama mwanangu. Kama hayupo, jicho hilo nitaonea nini? Wewe nakujua." Nimebembeleza mpaka sauti imekauka. Daktari alishasema tusichelewe, la kushoto nalo linakwenda. Mama anasikiliza, anaitikia, kisha anauliza barua imefika.

Umeniandikia ukurasa mzima wa namna baba alivyoipinda spana ile. Waya umeutaja, moto umeutaja, viatu umevitaja. Hukutaja iko wapi. Mimi na wewe wote tunajua iko wapi. Nimenyamaza tangu Februari kwa sababu nikikuomba uitume ni kama nimekwambia baki huko, hatukuhitaji. Na wewe umenyamaza kwa sababu zako, ambazo sizijui, na zinaniuma.

Nimekukumbuka, mdogo wangu. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Nikiwa chini ya gari nasikia viatu vya mtu mlangoni nangoja aseme neno, na akisema si wewe.

Kama huji, tuma spana. Kama hutumi spana, njoo. Nijibu kimoja.

Nati


24 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii usimsomee mama.

Mwandiko wangu unalala kushoto kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Mwaka juzi nilikuwa nimeinama kwenye injini ya lori, mkono wa kulia uko kwenye mkanda wa feni, na mwenzangu aliyekuwa ndani akawasha bila kutazama. Vidole vitatu vilikwenda na mkanda. Nimebakiwa na gumba na cha shahada. Miezi ile iliyofuata, mlipokosa barua, sikuandika kwa sababu nilikuwa najifunza kuandika, si kwa sababu ya kazi nyingi kama nilivyowadanganya.

Hawakunifukuza. Walinipa chumba cha vifaa. Yule mtu wa nyuma ya dirisha niliyekueleza ni mimi. Nakaa pale kutwa, watu wanagonga, wananitajia, nawapa. Nawajua wote kwa mikono yao, sura siwaangalii sana. Mtu akitaka kitu cha kufika mahali pagumu ananieleza, nami namchagulia, halafu anaondoka nacho na mimi nabaki nasikiliza injini ikiwaka upande wa pili wa ukuta. Kila kifaa nilichokutumia nilikichagua kwenye rafu usiku kucha kichwani mwangu, nikifikiri hiki ndicho, hiki kitafika. Mizigo ananifungia mlinzi wa geti. Fundo la baba linataka vidole.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ninavyo viwili, nimejaribu, chawa anavunjika. Cheka basi.

Sikuwaambia kwa sababu ya maneno ya baba. Alikuwa akisema sisi hatuna shamba, mikono ndiyo shamba letu. Nikajiuliza nitarudi vipi nyumbani kama mtu aliyeuza shamba. Wewe ungeniambia kaa, pumzika, na wateja wangeniuliza fundi yuko wapi, na mimi nisingekuwa na jibu lako la kuwachekesha. Na mama, ambaye kitu cha kwanza anachofanya siku hizi ni kushika. Angenishika mkono.

Spana ninayo. Siku ninaondoka nilikuwa nimeitumia asubuhi, nikaja kuikuta mfukoni nikiwa nimeshavuka mpaka. Ningeweza kuituma kwa mzigo siku yoyote. Sikuituma kwa sababu nilijua iko siku stata itakufa, na bila spana hii mtanihitaji mimi. Hiyo ndiyo sababu yangu. Ni ya kitoto, lakini nimeishi nayo, na usiku naiweka chini ya mto.

Sasa naituma. Mwambie mama chochote akubali kupasuliwa. Gari litawaka bila mimi, na nyinyi mtaona kwamba linawaka tu. Ipake mafuta kidogo kabla hujaitumia, na usizivute kona zile kwa hasira.

Mdogo wako


19 Agosti

Mdogo wangu Bisibisi,

Marahaba. Marahaba tena, kwa ile ya barua ya Juni niliyokunyima.

Umesema nisimsomee mama. Nimemsomea. Sikukusudia, lakini aliusikia mzigo ulivyokuwa mdogo na mzito akaja kukaa karibu, na mimi kusoma kimya kimya mbele ya mama sijawahi kujua. Nilifika pale kwenye mkanda wa feni nikaishusha barua. Akasema, "Endelea, hilo nalijua." Nikamuuliza umelijuaje. "Tangu fundo la kwanza. Mtoto hasahau fundo la baba yake. Nikasema kama si kichwa kilichosahau, basi ni mkono." Amekaa nalo moyoni tangu Aprili, anasubiri umwambie mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa anauliza barua imefika. Nilikwenda kulia chini ya gari la mteja, kwa sababu kule mtu hakuulizi unafanya nini. Mama alilia kigodani kwake, bila kujificha, kisha akaomba chai.

Halafu akataka spana. Nilimpa. Aliipapasa polepole kuanzia kichwani, akafuata ule mpindo wa ubavu, akafuata unaokuja mbele, akafika mwisho akarudi tena. Akasema, "Huu ni mkono wa mwanangu." Akaishika hivyo mpaka ikapata joto.

Niliitundika kwanza ukutani. Ikaingia kwenye mchoro wake. Kisha nikaitoa, nikaegemeza boneti kwa ufagio, nikalala juu ya madigadi nijaribu. Kwa mkono wa kulia haiingii, inagonga bomba. Nikaigeuza, nikaigeuza tena, nikakumbuka. Siku ile ya waya mkono wako wa kulia ulikuwa umeshika taa. Baba aliulaza waya kwenye mkono wako wa kushoto. Spana ile ni ya kushoto, mdogo wangu. Umelala juu yake miaka yote hiyo na huzuni ikakusahaulisha kwamba mkono uliompa baba kipimo unao bado, mzima, na ndio unaoniandikia.

Nikajaribu wangu wa kushoto. Ukafika kwenye kiwiko ukakwama, na ilibidi nimwite fundi viatu anivute. Mimi ni Nati. Nisikudanganye lakini. Fundi viatu ana mikono kama waya wa baiskeli, na alijitolea. Spana alikuwa nayo mkononi, amekunja shati, anahitaji tu kuinama. Nikamnyang'anya. Amenuna mpaka leo na anasema harusini kwake sitaalikwa.

Sasa na mimi nikwambie langu, maana wewe umesema lako. Hospitali ya macho iko juu ya kilima, na geti lake linatazama mteremko. Nikiliegesha gari pale juu, nikampakia mama, nikaachia breki, linashuka lenyewe taratibu kama mtu anayekwenda sokoni, na kabla ya kona injini imeshawaka. Hakuna wa kusukuma, hakuna wa kutingisha. Huku nyumbani fundi viatu na wenzake watanisukuma asubuhi kabla mama hajapanda. Nimelijua hilo tangu siku tuliyopewa tarehe. Nilipokuandikia nitafutie kifaa sikuwa na shida ya kifaa. Nilitaka uifikirie bolti ile mpaka ushindwe kukaa huko. Nilijua haifikiki bila wewe.

Mama amekubali, atakwenda 21 Oktoba, uwepo usiwepo. Kasema jicho atalifungua kwa yeyote, lakini angependa awe wewe. Kuhusu shamba, kasema baba yenu alikuwa anapenda maneno makubwa, na kwamba yeye alizaa mtoto, hakuzaa shamba. Nimeandika kama alivyosema.

Kuna magari ya watu hapa yana bolti za mlango wako, nami nawarudisha. Kuna rafu mbili za vifaa ambazo tangu baba afariki hakuna anayejua kilipo nini, natafuta spana nusu saa kwa kazi ya dakika. Nahitaji mtu wa dirishani. Dirisha nitalitoboa.

Spana nimeirudisha. Ndiyo iliyoufanya mzigo huu uwe mzito, na fundo ni la baba, nimelifunga mimi, vuta ncha moja. Usiitume tena kwa posta. Ikirudi iwe mfukoni mwako, na wewe uwe ndani ya nguo hiyo.

Dada yako anayekusubiri,
Nati


22 Septemba

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nilivuta ncha moja kwa vidole vyangu viwili na fundo likafunguka lote. Kamba nimeitunza.

Nimeaga kazini. Chumba cha vifaa nimemwachia mlinzi wa geti, mtu mwema asiyejua tofauti ya koleo na nyundo, Mungu awasaidie wenye malori. Meza ya miguu mitatu na nusu nimempa mpangaji wa mbele. Basi langu linaondoka tarehe 9 Oktoba, kuna kubadilisha mara mbili, na wanasema mvua imekata barabara sehemu moja, lakini hata kwa miguu nitawahi tarehe ya mama. Barua hii inaweza kufika baada yangu. Ikiwa hivyo, isomeni tu.

Usiiguse bolti. Kona tano zinanitosha. Nilijaribu jana hapa chumbani, nikafumba macho nikauzamisha mkono wa kushoto na spana hewani, ukajua njia.

Mwambie fundi viatu aache kununa, nitakuja kumwomba msamaha mimi kwa niaba yako, na kama kuna harusi tutaipeleka pikapu bila kusukumwa.

Ninakuja na mzigo mmoja tu. Nimeufunga mwenyewe, fundo la baba, kwa mkono wa kushoto na meno. Nimelifunga na kulifungua mara nyingi mpaka mlinzi akaniuliza kama kamba imenikosea. Limekaa upande kidogo, lakini ukivuta ncha linafunguka. Nikifika nitauweka mapajani mwa mama bila kusema neno, na wewe usimwambie ni nani. Alishike fundo kwanza, kabla hajanishika mimi, aseme ni la nani.

Mdogo wako,
Bisibisi